Koasta ya Kwenda Bujora

Mama yake Masele alifariki, na majirani wa Buhongwa wakakodi Koasta ili wamsindikize kwenda kuzika Bujora. Hiyo Koasta ndiyo ilikuwa balaa.

Alipohamia pale na Farouk, Masele alimtambulisha kuwa mtoto wa mama yake mdogo, maana wanaume wanaopendana kama wao hakuna anayewapangisha chumba. Sasa Mama Sabina, mwenye nyumba, alikuwa amemng'ang'ania Farouk mkono.

"Pole baba. Mama mkubwa ni mama. Utakaa mbele na sisi."

Masele alitoka, akaingia, akatoka tena. Marehemu hakuwa na dada wala mdogo wa kike, na Bujora nzima inajua.

"Nitasema naumwa," Farouk alinong'ona chumbani.

"Halafu wakifika huko wamuulize mjomba habari zako? Mwehu wewe!"

"Basi tuondoke kabla hawajapanda gari."

Walipita mlango wa nyuma kama wezi wa kuku. Farouk akajificha kwa rafiki yake kule Nyegezi, Masele akazima simu na kudandia bodaboda kwenda Bujora. Koasta ikabaki imejaa watu wasioijua nyumba ya msiba.

Chumba hawakunyang'anywa. Ila Masele alimzika mama yake bila jirani hata mmoja. Farouk hakutupa udongo kwenye kaburi la mama aliyekuwa akimsalimia kwenye simu kila Jumapili. Na waliporudi, Mama Sabina hakuitikia shikamoo yao. Mpaka leo haitikii.