Dirisha la Jiko la Mjomba

Mjomba aliingia makumbusho na dirisha begani. Dirisha zima: fremu, misumari, na masizi ya miaka na miaka ya kupikia kuni. Mpwa wake, mhifadhi wa picha za kale pale, aliacha bahasha alizokuwa akipanga akakimbilia kumpokea, maana mzee huyu hajui kuomba msaada hata akielemewa.

"Nimebomoa jiko," alisema akihema. "Hili la juu kabisa nimeliinua juani, nikaona mkono."

"Mkono gani?"

"Mkono wa mtu, mama. Ndani ya kioo."

Mhifadhi akatafuta kiti. Habari ya vioo vile ilikuwa donda lake. Zamani mjomba alikuwa na studio, enzi za kupiga picha kwenye vipande vya kioo. Studio ilipokufa, yeye asiyetupa hata kipande cha uzi alivisugua vile vioo kwa majivu mpaka vikang'aa, akavitia madirishani. Nyuso za mtaa mzima ziliondoka na maji machafu ya kusugulia, na wa dada yake pia ulikuwa humo. Dada huyo ndiye mama wa mhifadhi. Alifariki siku ya kumzaa, wala hakuacha picha nyingine. Binti amekua akiambiwa amefanana na mama yake, na hana pa kwenda kuhakikisha.

"Hiki hukukisugua?"

"Kilikuwa na ufa. Nikakibandikia kingine mgongoni kipate nguvu, nikasema nitasugua baadaye. Si unanijua mimi na baadaye?"

Alimjua sana. Kwa mara ya kwanza akamshukuru Mungu kwa uvivu wa mjomba.

Wakakilaza kioo juu ya meza ya mwanga, yenye taa chini yake. Sasa ndipo penye kazi. Picha hukaa upande mmoja tu wa kioo, kwenye utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na kama masizi yameganda juu ya utando huo, kuyafuta ni kumfuta mtu. Mhifadhi alilowesha pamba kidogo, akagusa kona huku amebana pumzi. Pamba ikatoka nyeusi tii, na pale ilipopita pakang'aa. Kioo kitupu! Picha ilikuwa upande wa ndani, katikati ya vioo viwili.

"Tia kisu uvitenganishe, tuone vizuri," mjomba akahimiza.

"Thubutu! Vimegandana, mjomba. Nikivitenganisha uso utabaki nusu huku, nusu kule. Vitakaa hivyo hivyo."

"Haya, bosi."

Akasafisha polepole. Akatokea mtu amesimama, lakini kinyume, peusi pamekuwa peupe na peupe peusi, kama ilivyo kawaida ya vioo hivi. Katikati ya mwili palikuwa na doa kubwa jeusi. Ukungu huo, alijisemea. Alishaona ukungu ukila harusi nzima, bwana na bibi na wapambe. Hata hivyo akakipiga picha kile kioo kwa kamera, akaihamishia picha kwenye kompyuta, akabonyeza kitufe cha kugeuza rangi.

Uso ukatokea. Nyusi zinazokutana, mwanya wa meno ya mbele, kidevu cha ubishi: vyote alikuwa akiviona kila asubuhi akipiga mswaki. Mwanamke yule alikuwa akimtazama, kijana kuliko yeye kwa miaka mingi, na bado ni mama yake. Akaona haya kuendelea kukaa mbele yake. Akainuka.

"Shikamoo, mama," alisema.

Ndipo alipoliona lile doa. Halikuwa ukungu hata kidogo. Lilikuwa gauni jeupe lililotuna kwa mimba, na mkono wa mama umetulia juu yake.

"Alikuwa hataki kupigwa picha," mjomba alisema. "Eti amenenepa. Nikamwambia, simama hapo, nawapiga wawili kwa bei ya mmoja."