Karanga za Limbani

Mwalimu Ndaziona alimwona Agogo Nasibeko, bibi wa mwanafunzi wake Chifuniro, tangu mbali, kitenge kakikaza kiunoni kwa shari, akimburuta mjukuu wake kwa mkono. Kesho yake kamati ya wazazi ilikuwa ikutane kuamua kama somo la Ndaziona la lishe liendelee, na huku Kasungu nani asiyejua kwamba mtoto akila yai huwa mwizi? Naye wiki iliyopita alikuwa amewachemshia darasa la tatu mayai, moja kwa watoto wawili, na kuwafundisha kwamba yai na karanga hujenga mwili. Alijitakia mwenyewe.

"Madamu, umenitengenezea mwizi," bibi alisema, hata salamu hakutoa. "Unga wangu wa karanga wa kuungia mboga, nusu kikapu umekwenda. Leo nimemfuma huyu, mkono umo ndani."

"Umechukua, Chifuniro?"

"Nimechukua, madamu."

Ndaziona aliona somo limekufa, na mtoto wa watu ataitwa mwizi mpaka aolewe.

"Ukaula?"

"Sijala. Namtilia Limbani kwenye uji. Vijiko viwili, kama ulivyosema."

Bibi akauachia ule mkono. Limbani alikuwa mdogo wake Chifuniro, yatima wa mwaka mmoja mwenye shingo ya kifaranga. Uji mweupe wa mahindi alikuwa akiutema, na bibi alikuwa ameanza kuogopa kumwangalia asubuhi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa, agogo. Ulisema madamu anafundisha wizi."

"Wiki hii Limbani anamaliza kikombe," bibi akasema taratibu. "Jana alilia anataka tena. Nami nikamshukuru mganga kwa mizizi yake." Akaketi kizingitini mwa darasa, akacheka huku machozi yanamtoka. Ndaziona naye akaketi kando yake. Alifurahi hata akasahau kengele.

Kesho yake kwenye kamati, mwenyekiti hakufika mbali na habari zake za wezi. Agogo Nasibeko alisimama, akafungua fundo la kitenge, akatoa yai.

"Madamu, hili nimchemshie Limbani mpaka liweje?"

"Mpaka liwe gumu, agogo."

"Mama," mwenyekiti alisema, "huyo mtoto atakuja kuwa mwizi."

"Akiwa mwizi nitamchapa akikua," bibi alijibu. "Kwanza akue."