Neno la Bafuni

Tangu wapande treni kwenda kutazama mchezo wa kale wa jukwaani, Sarnai hakuwa amefunga mdomo. Kwa nini wanawake wote wa jukwaani ni wanaume? Kwa nini tunakwenda kukaa juu kabisa, kwani huko chini kuna nini? Chakula tutakula humo humo ndani? Mzee Sakuma alimjibu kwa kichwa, kwa vidole, na pale ilipobidi kwa ule mnong'ono aliobaki nao tangu madaktari walipomkata uvimbe kooni majira ya baridi yaliyopita. Msichana huyo alikuwa mpangaji wake, katoka Mongolia kusomea ujenzi wa madaraja, na maswali yake yangemchosha hata mtu mwenye sauti, sembuse asiye nayo.

Mke wake, Fumiko, ndiye aliyemwambatanisha na huyo mgeni safarini. Magoti ya Fumiko mwenyewe hayapandi tena ngazi. "Nenda naye akushike mkono," alisema mlangoni, huku akiwakabidhi matonge ya wali. "Na usijifanye kijana huko juu. Hilo koo si lako tena, ni la daktari."

Fumiko hakujua, au alijua akanyamaza, kwamba mumewe hakulala usiku uliotangulia. Leo Kusumoto Senzaburo alikuwa akiigiza kama Mlinzi wa Daraja kwa mara ya mwisho. Kuanzia mwakani ni zamu ya mwanawe. Na tangu Senzaburo alipokuwa kijana, kila alipofika mwisho wa mchezo akasimama kama jiwe kwenye theluji, sauti moja ilishuka kutoka viti vya juu kabisa ikiita jina la nyumba yake, yaani ukoo wake wa waigizaji: "Kusunoya!" Mwenye sauti hiyo alikuwa Sakuma, kinyozi, hajatumwa na mtu wala halipwi na mtu. Mwigizaji husimama pale akiisubiri. Asipoitwa, pozi lile hupoa kama supu iliyosahauliwa mezani. Leo, siku ya kuagana, Senzaburo angesimama na kungekuwa kimya. Wazo hilo lilimuuma Sakuma kuliko kidonda cha kooni.

Kwenye viti vya juu walimkuta Bwana Higaki, rafiki yake wa miaka nenda rudi, aliyewahi kuuza miavuli. Kati ya wote waliokuwa wakiita, walikuwa wamebaki wao wawili: mmoja hana sauti, mwingine hasikii.

"Sakuma! Kumbe bado uko hai!"

"Bado," alinong'ona Sakuma.

"Eh?"

"Bado nipo."

"Eh?"

"ANASEMA BADO YUPO!" alisema Sarnai, na safu tatu za watu zikageuka.

Higaki alimtazama kuanzia unyayo hadi utosi. "Huyu kakulia wapi? Sokoni?"

"Kwenye farasi, babu," alisema Sarnai, sasa kwa adabu. "Wakiwa ng'ambo ya bonde, huwezi kuwanong'oneza."

Sehemu ya kwanza ilianza. Sarnai alitaka kusimama ili aone ile njia ya waigizaji inayokatiza katikati ya watazamaji, Sakuma akamvuta mkono akae. Watu wa juu hawaioni njia yote, huijua kwa masikio. Pazia la kule mwisho likivutwa, pete zake hulia chwariii, na hapo unajua anakuja. Mwigizaji mmoja kijana wa nyumba ile ile ya Senzaburo akafika jukwaani, akakanyaga sakafu, akatoa macho. Pembeni mtu mwenye vibao viwili akapigapiga ubao, tapa tapa tapa, pa! Kijana akaganda. Akaganduka. Akaanza kutembea, yuko mbali kabisa, ndipo Higaki alipopaza sauti: "Kusunoya!"

Watu wa chini wakacheka. Sakuma akafumba macho kwa aibu ya rafiki yake. Higaki mwenyewe alikaa vizuri kitini, kifua mbele, kama mtu aliyemaliza kazi yake sawasawa.

Lakini Sarnai alikuwa amemshika Sakuma mkono wa shati. "Babu! Hilo ni neno la bafuni!"

Sakuma akamtazama.

"Mwaka jana, kila jioni ukiingia kuoga. Mimi nikidhani maji yanakuunguza! Nikamwuliza bibi, akasema nikuache, kila mtu na wazimu wake. Kisha ukaugua, sikulisikia tena." Akasogeza uso. "Kumbe ni jina? La nani? Mbona ulikuwa ukiliita kwa kulimeza mwanzo? Na unajuaje saa ya kuita?"

Mzee aliona haya mpaka masikioni. Miezi yote ile mtoto wa watu alikuwa nyuma ya ukuta anamsikiliza akijifanya hodari ndani ya pipa la maji ya moto. Lakini swali la mwisho lilikuwa zuri, na hakuna aliyemwuliza siku nyingi.

"Vibao vinapiga, vinanyamaza," alinong'ona. "Anageuza kichwa. Hapo anavuta pumzi. Mwite kabla hajaitoa."

"Na nikichelewa?"

Sakuma alimnyooshea kidevu Higaki, aliyekuwa akimenya chungwa. "Ukichelewa, bora ungenyamaza."

Wakati wa mapumziko walikula pale pale vitini. Sarnai alimaliza tonge lake, akalamba vidoleni ute wa tunda chachu lililokuwa katikati ya wali, akasema wazi wazi, "Mimi naweza kuita."

Hilo Higaki alilisikia. "Wanawake hawaiti."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hawaiti."

"Hiyo si sababu, babu. Na wale wanaume waliojipaka poda wakavaa kike? Hao mbona mmewaruhusu?"

Higaki alicheka mpaka chai ikampalia, lakini kicheko kilipokwisha alimgeukia Sakuma. "Mwambie, bwana. Wewe ndiye uliyekuwa mkali kuliko sisi sote."

Kweli, Sakuma ndiye aliyekuwa mkali. Alitafuna polepole, akatazama jukwaa.

Sehemu ya mwisho ikafika. Pete zikalia chwariii, na Senzaburo akapita njiani kwa hatua za mzee asiyetaka zijulikane kuwa ni za mzee. "Daraja lile lingeanguka siku ya kwanza," alinong'ona Sarnai, kisha kwa mara ya kwanza siku hiyo akanyamaza mwenyewe. Mlinzi alimshika mtoto wa adui, akamtazama, akamfungulia lango avuke, huku akijua kwamba kukipambazuka atauawa yeye kwa kosa hilo. Mtoto akaondoka. Mlinzi akabaki peke yake, na theluji ya karatasi ikaanza kumwangukia.

Sakuma alitazama kulia. Higaki alikuwa ameinama chini ya kiti akipapasa. Kile kifaa chake cha sikioni kilikuwa kimedondoka kwenye maganda ya chungwa. Hakuna mwingine wa kuita. Mzee akafungua mdomo kwa mazoea, na kilichotoka kilikuwa upepo.

Akatazama kushoto. Sarnai amekaza macho jukwaani, kifua kimejaa. Alikuwa akivuta pumzi pamoja na Senzaburo. Akikosea, Sakuma aliwaza, nimemwaibisha mtu huyu mbele ya watu wote siku yake ya mwisho, na mimi hapa juu sitakanyaga tena.

Tapa tapa tapa, pa!

Kichwa kikageuka. Mzee akamgusa msichana kifundo cha mkono.

"...sunoya!"

Ilikuwa imemezwa mwanzo, ikavutwa katikati, ikakatwa ghafla kama mlango uliofungwa. Ilishuka ghorofa zote mbili mpaka kwenye theluji, ikamkuta Senzaburo pale pale alipoisubiri. Macho yake yakakutana puani, mikono ikatulia, na akabaki hivyo, akabaki, mpaka watu wakasahau kupumua. Kisha ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi.

Sakuma hakupiga makofi. Alikuwa hajawahi kuisikia. Miaka yote ile aliitoa tu, haikuwahi kumjia masikioni kutoka nje, kutoka kwa mtu mwingine. Kumbe ilikuwa nzuri hivyo, akawaza, na machozi yakamshuka bila kuyazuia.

Higaki aliibuka kutoka chini ya kiti, kifaa mkononi, uso umelowa. Akamshika rafiki yake mabega, akamtikisa.

"Sakuma! Nimeisikia! Hata bila hiki nimeisikia! Sauti yako imerudi!"

Sarnai alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, kama mwizi aliyeshikwa. Mzee alimtazama yeye kwanza, ndipo akamsogelea Higaki sikioni.

"Imerudi," alinong'ona.

"Eh?"

Sakuma akamgusa msichana kifundo cha mkono kwa mara ya pili.

"IMERUDI!" alisema Sarnai.