Lori Linalorudisha

Asubuhi ya kununua lori, Toroli alilala chini yake kwenye kipande cha boksi, bega kwa bega na mume wa mdogo wake. Shemeji huyo alikuwa makanika. Alikuwa akigonga chesisi kwa spana na kusikiliza mlio.

"Shemeji, hili limechoka," alisema. "Springi za nyuma zimechomelewa, tairi zina upara, stata inataka kubembelezwa. Injini ndiyo pekee iliyobaki na akili."

"Bodi inanyanyuka kumwaga mzigo?"

"Kwa kununa, lakini inanyanyuka."

Hilo lilimtosha. Watu walimwita Toroli kwa sababu alikuwa amesukuma toroli kwenye kazi za ujenzi tangu usichana wake, akiondoa kifusi cha kuta walizobomoa wengine, mpaka bega moja likawa chini kuliko jingine. Alikuwa mtu asiyetulia. Alikula amesimama, na akienda kuhani msiba alikutwa jikoni akiosha vyombo vya watu. Sasa alitaka kukaa, japo iwe nyuma ya usukani.

Muuzaji alikuwa amesimama mbali, kivulini, amelipa mgongo lori lake mwenyewe.

"Nisikufiche, dada. Lina ila moja. Linarudisha."

"Linarudi nyuma mlimani?"

"Linarudisha."

Shemeji akasema kutoka chini kwamba hiyo ni breki ya mkono, waya tu, ataukaza. Muuzaji akapunguza bei bila kuombwa, akauliza kama wanaweza kuliondoa kabla ya chakula cha mchana. Wakaliondoa. Walipofika gereji Toroli alizima injini, na lori likaendelea kutetemeka. Shemeji akaweka kiganja kwenye boneti, akangoja, akasema baadhi ya magari yako hivyo.

Kazi ya kwanza ilikuwa bafu. Mwalimu mstaafu alikuwa amelibomoa ajenge jipya, na Toroli alipakia vigae vyeupe, sinki lililopasuka na mabonge ya saruji, akaendesha mpaka dampo nje ya mji, kwenye machimbo ya zamani ya kokoto. Aliponyanyua bodi, kilichomwagika hakikuwa bafu. Ulikuwa ukuta wa rangi ya kijani uliovunjika vipande vipande, nondo zilizopinda, vitambaa, na cherehani iliyobonyea ubavu.

Mlinzi wa dampo alikuja na kikombe chake cha chai.

"Umeniambia vigae."

"Nilipakia vigae."

"Hivi si vigae." Akalizunguka lundo. "Haya, tuseme kifusi mchanganyiko. Ila ukamwage kule, usinizibie njia."

Vigae vya mwalimu havikuonekana tena, na mwalimu hakuvidai. Toroli alikwenda moja kwa moja gereji. Shemeji alipanda ndani ya bodi, akapapasa chuma cha sakafu kila pembe, akashuka.

"Kumbe ndicho alichosema yule. Mimi nikadhani breki." Akafuta mikono. "Breki yenyewe ni nzima kabisa."

Rangi ile ya kijani kila mtu mjini aliijua. Ilikuwa ya jengo la ghorofa kwenye barabara ya soko, ambalo chini yake palikuwa na karakana ya kushona nguo. Lilikuwa limeanguka miaka kadhaa nyuma, siku ya kazi, mchana kweupe. Mkandarasi aliyelijenga alikodi malori, na kabla watu hawajamaliza kuchimbua, kifusi kikaanza kuzolewa, kwa sababu barabara ilitakiwa ifunguliwe. Kilimwagwa wapi, hakuna aliyesema. Familia za mafundi cherehani ziliambiwa kwamba waliopatikana ndio hao waliokuwemo. Mafundi hawakuwa na mikataba, kwa hiyo kwenye hesabu hawakuwemo. Kiwanja kikazungushiwa mabati.

Habari za cherehani zilifika sokoni kabla Toroli hajanawa mikono. Alipopeleka mzigo uliofuata, alimkuta dampo mama mmoja amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mfuko wa plastiki mapajani. Ndani ya mfuko palikuwa na viatu vya wazi vya kike, vipya. Binti yake alikuwa akishona vifungo pale karakana, na tangu jengo lianguke watu walimwita Mama Vifungo.

"Sijaja kukusumbua," alimwambia Toroli. "Nasubiri tu. Wewe endelea na kazi zako."

Fundi cherehani wa kwanza alishuka kutoka kwenye mzigo wa ukuta wa duka. Toroli alikuwa ananyanyua bodi alipomwona kwenye kioo cha pembeni, ameshika ukingo, akaishusha tena taratibu asije akamwangusha. Mwanamke yule alikanyaga tairi, akateremsha mguu wa pili, akakung'uta gauni. Vumbi halikutoka. Shingoni alikuwa na tepu ya kupimia.

"Saa ya kutoka imepita?" aliuliza.

"Imepita sana," mlinzi wa dampo akamwambia, akamwonyesha njia ya mjini.

Alikwenda kwake. Mumewe alikuwa ameoa tena. Mke mpya akamchemshia maji ya kuoga na kumtandikia kitanda cha sebuleni, na wote wawili walizungumza vizuri, kwa adabu. Asubuhi alikutwa amekufa jinsi watu wanavyokufa, macho yamefumba, akazikwa kwa jina lake. Wenzake waliomfuata walifanya vivyo hivyo. Walishuka, wakauliza saa, wakaenda makwao, wakalala, wakazikwa.

Tangu hapo Toroli hakutulia hata kidogo. Alizunguka mitaa na lori akitafuta kitu chochote kilichobomoka. Alibisha milango ya watu kuuliza kama hawana ukuta wasioutaka. Yeye na shemeji walijaribu kwenda dampo na lori tupu, wakanyanyua bodi, hakikutoka kitu. Walijaribu mchanga, ukatoka mchanga. Lori lilitaka kifusi ndipo litoe kifusi.

"Mwanangu, chai unainywa na ufunguo mkononi," mama yake alilalamika. "Ulisema unanunua gari ukae."

"Nakaa, mama. Si naendesha."

Kisha ukatoka mlango. Ulikuwa wa chuma, umepinda katikati kama karatasi, na kufuli limefungwa kwa nje. Fundi aliyeshuka siku hiyo aliutazama akasema ndio wenyewe. Msimamizi alikuwa akiufunga asubuhi ili mtu asitoke kabla kazi haijaisha, kwa amri ya mkandarasi, ambaye karakana ilikuwa yake pia. Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. Toroli akampakia yeye na mlango, akawapeleka polisi.

Askari wa zamu aliandika mlango. Alipofika kwa fundi akaweka kalamu chini.

"Huyu ni marehemu?"

"Ndiyo, afande," fundi alijibu mwenyewe.

"Marehemu hawezi kutoa maelezo. Alete ndugu yake."

Ndugu yake alikwenda kesho yake, akaambiwa yeye hakuwepo tukio likitokea. Mlango uliegemezwa kwenye ujia wa kituo, kufuli lake bado limefungwa, kusubiri upelelezi. Watu waliokuja kuripoti wizi wa simu na ugomvi wa mipaka wakazoea kuuegemea.

Mwaka ule ule mkandarasi aliondoa mabati kiwanjani. Alikuwa anajenga upya, jengo refu zaidi, na msingi wa zamani ulipaswa kung'olewa. Akamwita Toroli, kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu. Toroli alimwambia shemeji yake kwamba mguu wake hautakanyaga pale.

"Shemeji, ukikataa ataita lori lingine," shemeji alisema. "Na lori lingine halirudishi."

Akaenda. Mkandarasi alimpokea vizuri, amevaa kofia ngumu nyeupe isiyo na doa. Alikuwa amesikia yote.

"Kazi ni kazi, dada," alisema. "Ila hao wakishuka huko, wasipite hapa mbele. Nina wageni wanakuja kuona vyumba."

Toroli akapanda lori, akawasha. Alizoa msingi ule mpaka mikono ikawa inatetemeka pamoja na usukani, na kila safari mafundi walishuka, na kila familia ikaja ikamchukua mtu wake. Dampo lilibaki na mtu mmoja anayesubiri. Mama Vifungo aligeuza ndoo yake kila asubuhi, akakaa, mfuko mapajani. Halafu msingi ukaisha, na mjini kote hapakuwa na mtu aliyekuwa anabomoa kitu.

Siku hiyo Toroli alirudi nyumbani mapema, akachukua nyundo kubwa, akaingia jikoni. Alianza na ukuta wa upande wa ua. Mama yake alikuwa anachambua mboga. Alimtazama mwanawe akipiga, akahamisha sufuria, akaondoa pazia na kulikunja.

"Huu baba yako aliujenga wiki mbili," alisema.

"Najua, mama."

"Na mvua je?"

"Nitaweka turubai."

Mama alifikiri. Kisha akaanza kuokota matofali na kuyapanga mlangoni ili iwe rahisi kupakia. Shemeji alikuja na sepetu, na mchana ulipogeuka ukuta wote ulikuwa ndani ya bodi.

Walipofika dampo, Toroli hakuigusa kwanza jeki ya kunyanyulia bodi. Alishuka, akafungua mlango wa nyuma wa bodi kwa mkono. Kulikuwa na kifusi cha kijani kidogo tu, na juu yake binti mdogo mwembamba, pekupeku, kiganja kimefumba vifungo. Mama Vifungo alimshika kiunoni akamteremsha, akapiga magoti, akamvisha viatu. Vilimbana kidogo.

"Mama, mlango wameshafungua?" binti akauliza.

"Bado," mama akasema, akimfunga mkanda wa kiatu cha pili. "Twende nyumbani."