Utulivu wa Kohaku

Katika ukumbi wa mashindano ya urembo wa samaki, waamuzi watatu walilizunguka beseni la buluu, na samaki wa Sayo hakusogea.

"Tazameni ngozi hiyo," alisema Mzee Kazama, mwamuzi mkuu, akiinama mpaka miwani ikakaribia maji. "Weupe usio na doa, na wekundu wenye ukingo kama uliokatwa kwa wembe. Na utulivu huu! Anajua kwamba anatazamwa."

"Umemfunza adabu, shemeji," Tokuji alimnong'oneza Sayo. "Mimi ulishindwa kunifunza."

Sayo hakucheka. Alikuwa amemlea kohaku huyo, samaki wa mapambo mweupe mwenye mabaka mekundu, tangu akiwa mdogo kama kidole, katika mabwawa ya mlimani, wala hakuwahi kumwona ametulia. Samaki huyo alikuwa mlafi, mgomvi wa chakula. Hata juzi, walipokuwa wakimpakia garini, alimlowesha Tokuji kichwa kizima.

Alimtazama tena, safari hii kama mfugaji. Macho yalikuwa yamedidimia kidogo. Nyuma ya kichwa, mng'ao wa ngozi ulikuwa umekatika, ute ukiwa umebanduka.

Dalili hizo alizijua. Ugonjwa wa kuoza matamvua, unaoenezwa na maji, ulipoingia katika bonde la jirani, walichimba shimo kwa mashine, wakawafukia samaki wote kwa chokaa, wazima kwa wagonjwa. Na humu ukumbini, usiku wa jana, kohaku wa wafugaji wote walikuwa wamelala katika maji mamoja na wake. Akinyamaza, atapewa kikombe, na jioni kila mtu atarudi na samaki wake milimani.

"Mimi sina pingamizi," alisema mwamuzi wa pili.

Kazama aliuingiza mkono majini ili amgeuze samaki.

"Mzee, toa mkono!" Sauti ya Sayo ilitoka nyembamba, kama si yake.

"Vipi, Bi Sayo? Ushindi unakutisha?"

"Huyo hajatulia, Mzee. Anaumwa. Mtazame matamvua."

Kazama alikifunua kifuniko cha shavu kwa kidole kimoja. Ndani, palipopasa kuwa pekundu, palikuwa na mabaka meupe yaliyooza. Aliutoa mkono taratibu, akauweka mbali na mwili wake na mbali na mabeseni mengine, huku maji yakidondoka sakafuni.

"Fungeni milango," alisema. "Asitoke samaki hata mmoja."

Tokuji alimshika Sayo kiwiko. "Shemeji, na mabwawa yetu?"

"Piga simu nyumbani," alisema Sayo. "Waambie wafunge maji yanayoshuka kwa majirani."