Miguu Haikuingia Kwenye Picha

Kwanza wamisionari waliipiga marufuku ngoma ya mtama, wakasema ni ya shetani. Kisha wakaja na kamera kumpiga picha shetani huyohuyo. Laetitia hakuwa amelisahau hilo.

Filamu yao iliishia Brussels. Niels, padri mstaafu aliyerithi makasha ya wenzake, alimwonyesha Laetitia nyumbani kwake, mtaa wa Ixelles. Wasichana kumi na wawili kando ya ziwa Kivu, bila sauti, kuanzia kiunoni kwenda juu. Vifua, mabega, vichwa. Miguu hakuna.

"Ngoma yenyewe iko ku miguu, mon père. Benzako balikuwa banaangalia nini?" Laetitia akamuuliza.

Masikio ya mzee yakawa mekundu.

Kati ya wale kumi na wawili alikuwa amebaki mmoja tu: Maman Antoinette, shangazi yake Laetitia, aliyeishi orofa ya pili mtaa wa Saint-Josse, miguu imevimba. Jumapili Laetitia, ambaye wiki nzima husugua sakafu za ofisi kule Schuman, alipanda ngazi na simu mkononi, ili amrekodi.

"Tantine, unionyeshe namna munacheza."

"Na miguu gani? Hii? Hii ni ya kufika ku toilette, na siku ingine haifike!"

Wakacheka. Kisha bibi akasogeza vikombe, akaweka mikono mezani.

"Bon. Hapa chini ya kiganja ni kisigino. Vidole ni vidole. Angalia muzuri."

Akafumba macho, akaanza kuimba. Viganja vikagonga meza, vidole vikavuta kitambaa kama vinafukia mbegu. Laetitia alimtazama usoni, akaona msichana wa miaka kumi na minne, yule wa kwenye filamu, na machozi yakamziba macho. Simu aliishika hivyohivyo.

"Umekamata yote?"

"Yote, tantine."

"Donc utafundisha batoto. Mie nimechoka."

Wiki tatu baadaye walimzika. Wiki zile tatu Laetitia hakuwa ameifungua video, na baada ya mazishi hakuthubutu. Angeanzia wapi kumwona anaimba?

Jumamosi iliyofuata, katika ukumbi nyuma ya kanisa, wasichana saba waliokuja kujifunza ngoma walivua viatu wakasubiri. Laetitia akaegemeza simu ukutani, akabonyeza.

Uso. Kutoka kidevuni hadi kwenye kitambaa cha kichwa, dakika kumi na moja, uso peke yake. Alikuwa ameishika simu vile watu wa kwetu wanavyoishika wakituma salamu Bukavu, uso kwanza, ili nyumbani waone kama mtu amekonda. Mikono haikuwamo. Ilisikika tu, huko chini: ko, ko, ko, halafu mkwaruzo.

Akairudisha mwanzo. Ko, ko, ko. Akajaribu kukumbuka meza ile, akakumbuka machozi yake mwenyewe.

"Tantine Laetitia," Sephora, mdogo kuliko wote, akauliza, mguu mmoja tayari hewani, "tunaanza na gani? Ya kushoto?"

Laetitia alimwangalia mtoto, akaangalia mguu ule.

"Sijue," akasema. "Shusha mguu, mama. Sijue."