Mfungo wa Minto

Kasoki alifunga wiki nzima kwa ajili ya uchaguzi wa watu wengine. Mtu anaishi Minto, pembezoni mwa Sydney, anafungasha saladi kiwandani Smithfield, Marekani hajawahi kuikanyaga wala hana kura ya huko, lakini anashinda na njaa ili kundi fulani la Wamarekani liingie madarakani. Na hakufunga peke yake. Aliwaongoza akina mama wote wa kanisa lao la Kikongo, kila jioni wakifuturu kwa uji kwenye ukumbi wa kukodi.

Aliyeileta habari hiyo nyumbani ni mumewe, Gratien, mzee wa kanisa na mlevi wa video za simu. Ndiye aliyeeleza kwamba huko Marekani kuna watu wameandika mpango mnene kama Biblia, wa jinsi serikali itakavyoendeshwa wakishinda, na kwamba kila ukurasa una Mungu, kila ukurasa una familia. Mpango wenyewe hakuusoma. Aliyeupekua ni binti yao Lina, mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye Kiswahili anakielewa vizuri ila hujibu kwa Kiingereza. Siku moja alimwekea mama yake simu mbele ya uso. Hapa wanataka wakimbizi wazuiwe, hapa wanataka misaada ya nje ibanwe, hapa watumishi wa serikali wasiokubaliana nao waondolewe.

"Mama, hawa unaowaombea wanamzungumzia mama mdogo," alisema.

Kasoki alikuwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. "Wanawasema wale wabaya," alijibu. "Sisi si wabaya."

Jibu gani hilo, jamani? Kana kwamba anayefunga mlango huchungulia kwanza nani mwema. Lakini Kasoki aliliamini, maana neno familia lilimgusa, na mtu aliyepoteza nusu ya familia yake hudhani kila anayelitaja anamaanisha yake.

Mama mdogo mwenyewe ni Verdiane, mdogo wake Kasoki, aliyekuwa kambini Kigoma na mtoto wake wa kike tangu walipokimbia vita vya Beni, mashariki mwa Kongo. Kasoki alijaribu kumleta Australia, wakamkatalia. Marekani ndiyo iliyokubali. Verdiane alihojiwa, akahojiwa tena, akapimwa damu na kifua, miaka ikapita, mpaka Januari alipoambiwa ajiandae, tarehe ya ndege imetoka.

Sasa watu wa kambini wana desturi yao. Anayesafiri hugawa vyote, kuanzia godoro hadi kijiko, na nyumba humwachia mwenye watoto wengi. Ukibakiza kitu watasema huiamini safari yako. Verdiane aliigawa nyumba kwa jirani yake, Mama Riziki, akagawa na vyombo, ila akasita kwenye sufuria ya mama yao. Ilikuwa sufuria kubwa, nzito, aliyoibeba kichwani tangu Beni, na mama yao mwenyewe alifia njiani. Akampigia dada yake, ambaye kwa desturi ya kwao humwita Yaya.

"Yaya, hata hii?"

"Toa," Kasoki alimwambia. "Ukiificha, Mungu ataona una mashaka. Sisi huku tulifunga wiki nzima na tumejibiwa. Toa, usiogope."

Verdiane akampa Mama Riziki na sufuria.

Basi wale walioombewa wakaapishwa, na kalamu ikatembea siku ileile. Safari za wakimbizi zikasimamishwa. Kasoki aliupata ujumbe wa sauti akiwa mapumzikoni nje ya kiwanda, kofia ya nailoni bado kichwani, jua likimchoma shingo. Verdiane alikuwa ananong'ona. Basi la kuwachukua halikuja. Wameambiwa warudi walikokuwa wanakaa.

"Nirudi wapi, Yaya? Mama Riziki ameshaingia na watoto wake. Nitamtoaje?"

Tangu hapo Kasoki alihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Alipanda treni hadi mjini kumwona wakili, akaambiwa kwa upole kwamba ombi jipya litachukua miaka na huenda likakataliwa tena. Alipiga simu kila ofisi aliyoisikia, akawa anapigiwa muziki mpaka chaji inaisha. Kazini alifunga pakiti zisizo na saladi hadi msimamizi akamwambia akapumzike. Verdiane na mtoto walikuwa wanalala kwenye kibaraza cha kanisa la kambini, mvua inawapiga, mtoto anakohoa, na Kasoki hakuwa na kitu cha kufanya. Hakuna kabisa.

"Vumilia," Gratien alimwambia. "Wanachuja tu. Wabaya wakiisha watafungua."

Kasoki alimtazama. "Na Verdiane yuko upande gani wa chujio lako?"

Gratien akachukua simu yake akatoka nje.

Jumapili ikafika ile ibada ya shukrani kwa mfungo uliojibiwa. Ilipangwa zamani, na aliyepangiwa kutoa ushuhuda ni Kasoki, kiongozi wa waliofunga. Alipika sombe, akavaa kitenge cha sare, akaenda, maana hakujua aanzie wapi kukataa. Ibada yao huanza alasiri, wenye ukumbi wakishamaliza yao. Alikuwa mlangoni simu ilipoita, namba ngeni ya Tanzania.

"Yaya, ni mimi. Nimeazima simu." Sauti ya Verdiane ilikuwa imekauka. "Nimewaambia watu wote hapa, dada yangu alifunga kwa ajili yangu, ndiyo maana tarehe yangu ilitoka. Nakuomba, waambie wenzako wafunge tena. Ninyi Mungu anawasikia."

Kasoki akakaa pale pale kizingitini, sufuria ya sombe mapajani. Angeweza kusema sawa. Neno moja tu, na mdogo wake angeendelea kumheshimu. Ndani walikuwa wanajaribu vipaza sauti.

"Hatukukuombea wewe," alisema. "Tuliwaombea wao washinde. Hao waliokuzuia."

Upande ule jogoo aliwika.

"Ulijua?"

"Lina alinionyesha. Nikamwambia sisi si wabaya."

Verdiane hakulia wala hakumtukana. Alisema simu ni ya watu, acha airudishe, akakata.

Kasoki akapiga. Akapiga tena. Ndani, Gratien alishika kipaza sauti akatangaza kwamba sasa dada yetu Kasoki atatueleza jinsi Bwana alivyojibu, na watu wakaanza kupiga makofi ya kumkaribisha. Simu ikapokelewa. Alikuwa mwanamke mwingine, mwenye simu.

"Verdiane ametoka sasa hivi," alisema. "Mtoto hajala tangu jana. Amekwenda kwa Mama Riziki kuomba amwazime sufuria."